Kwa Kahindo Aliyesimama Wima Nje ya Lango

Kahindo,

Nina hasira. Nakuambia mapema usije ukangoja barua ya machozi. Machozi niliyamaliza kwenye kilio chako, na wewe mwenyewe hukuwavumilia watu wa kulialia. Kwanza nikupe habari za nyumbani. Mama yako anakula kidogo, na anakula kwa sababu tunamwangalia. Mdogo wako Kambale amehamia kwenye kitanda chako, anadai anakitunza. Hapa Majengo maji yanakuja siku yanayotaka yenyewe, na kwenye robine ya mtaa wanawake bado wanagombania nafasi ya kujaza bidoni, ila jina lako likitajwa wanashusha sauti. Na mimi nimefukuzwa shule. Ndiyo, mimi, Aline wako mwoga, uliyekuwa ukinichokoza kila asubuhi: "Weye unatembeaka sawa mutu mwenye anaenda ku kilio." Nitakueleza ilivyokuwa, lakini niache nianze nyuma kidogo, kwa sababu watu wamekwisha kuipindua habari yako na nataka iandikwe mahali fulani kama ilivyokuwa.

Walianza kuipindua palepale kwenye kilio. Prefe wetu, mkuu wa shule, alikuja na walimu wake na shada la maua ya plastiki, wakakaa viti vya mbele chini ya turubai. Sisi wa darasa la tano tulisimama nyuma na sare zetu, bluu na nyeupe, kama inavyotakiwa mwanafunzi akifa. Prefe akasimama, akasema ulikuwa mtoto mwerevu, mwenye adabu, na kwamba shule imepoteza. Mpaka hapo sikuwa na neno. Kisha akalainisha sauti, kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mama yako zawadi, akasema: "Tumushukuru Mungu, ile haikufanyika ku masomo. Ilifanyika inje."

Inje. Kati yako na bati la lango hapakuwa na nafasi ya kupitisha mbuzi, na yeye anamshukuru Mungu. Mjomba wako aliyetoka Butembo akaitikia kwa kichwa. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba ulichelewa. Mwingine akauliza mtoto wa shule anabebea nini telefone. Chai ilipofika viti vya nyuma, wewe ndiye ulikuwa umekosa. Nilitamani kuipindua ile sufuria ya chai, Kahindo, na kama si mama yako kukaa pale chini karibu na moto, ningeipindua.

Ulichelewa kwa sababu ya maji. Nilikupita kwenye robine, bidoni ya mama yako haijajaa hata nusu, ukanipungia mkono nitangulie. Hilo ndilo kosa lako lote, sina lingine la kuongeza.

Na hiyo "ndani" anayojivunia prefe, tuiseme pia. Ndani ni kule ambako wavulana wa darasa la sita wanawangoja watoto wadogo karibu na vyoo na kuwapokonya kalamu, mashine za hesabu, hata mandazi. Ndani ni kule ambako sisi wasichana hatuendi chooni bila mwenzetu wa kulinda mlango. Tulisema, tukaambiwa tuna usumbufu mwingi. Unakumbuka viatu vyako? Ulikuwa unarudi kwa shangazi yako upande wa Lac Vert, wezi wakakusimamisha barabarani, wakakuambia uvue viatu, ukavua. Kesho yake ukaja shule na ndala, na mwalimu wa nidhamu, huyo tunayemwita Disiplini, akakupigisha magoti kwenye mawe ya volkano kwa sababu viatu si vyeusi. Ulimweleza vimeibiwa, akasema sheria ni sheria. Saa ya mapumziko ukanionyesha magoti yaliyochubuka, ukacheka mpaka ukashika tumbo: "Wezi wamebeba viatu, Disiplini amebeba magoti." Na mimi nikacheka. Leo nikikumbuka nasaga meno.

Sasa asubuhi ile. Wewe ulikuwapo, lakini naandika kama namwandikia mgeni, maana watu wa hapa wamezoea mpaka hawaoni tena. Kwetu, bendera ikipanda na wimbo wa taifa ukianza, hakuna anayetikisika. Lango linafungwa. Na si ndani ya uwanja peke yake. Barabarani mwenye pikipiki anazima injini. Mama wa mandazi anaacha mafuta yaungue. Mwenye chukudu aliyepakia magunia ya makaa anaishika chukudu yake ya mbao ya magurudumu mawili kwenye mteremko, miguu inamtetemeka, na haisogezi mpaka wimbo uishe. Anayetembea anapigiwa kelele na watu wote. Mwanafunzi aliyefungiwa nje naye anasimama, miguu pamoja, mikono kwenye mapaja, macho juu, anaingoja bendera itokeze juu ya ukuta. Tumefundishwa hivyo tangu tukiwa wadogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza nani mwingine anatuangalia wakati tumekaza shingo.

Wezi waliuliza. Waliona kwamba kila asubuhi, kwa muda wa wimbo mmoja, barabara nzima inajifunga yenyewe, na watoto wenye mifuko wamesimama wakiipa mgongo.

Nilikuwa mstari wa nyuma, karibu na lango. Ulibisha wakati maneno ya kwanza yanaanza. Papa Bahati, yule muzee anayelinda lango, alikuwa bado ameshika ufunguo, akamtazama Disiplini. Disiplini alikuwa amesimama wima kama wote, hakugeuza hata kichwa, akasema kwa pembe ya mdomo: "Muache. Atajua siku ingine." Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Baadaye alisema hakusema kitu, kwamba mtu hasemi wakati wa bendera.

Ukaacha kubisha. Nikajua umeshasimama, kwa sababu wewe kwa wimbo huo hukuwa na mchezo, ulikuwa ukiniambia nyumbani kwenu babu yenu aliwafundisha kuimba hata mkiwa na homa. Kisha ukapiga ukelele, mara moja. Uwanja wote ulisikia. Wimbo haukukatika. Tuliumaliza, Kahindo, mpaka neno la mwisho, na Papa Bahati ndiye wa kwanza kutikisika.

Mama wa mandazi alinieleza mimi peke yangu, akiwa amejifunika uso na kitenge. Anasema ulikuwa umenyooka kabisa, kidevu juu. Walikuja wakifuata ukuta, wawili. Mmoja akavuta mfuko, na wewe hukugeuka papo hapo. Mama huyo anafikiri ulikuwa unangoja wimbo uishe. Ndipo ukashika mkanda wa mfuko, na yule mwingine akatoa kisu. Mwenye pikipiki aliona. Mwenye chukudu aliona. Wote wanasema walidhani ni wanafunzi wanachezeana, na kwamba bendera ilikuwa bado inapanda. Na wale wawili hawakukimbia hata kidogo. Waliondoka wakitembea, watu pekee waliokuwa wanatembea barabara nzima, na hakuna aliyewapigia kelele.

Lango lilipofunguliwa nilikukuta umekaa chini, mkono kwenye ubavu, soksi zako nyeupe zimenyooshwa vizuri kama siku zote. Hukuuliza habari za mfuko wala telefone. Uliniambia: "Aline, uambie Disiplini sikuchelewa sana." Halafu wakakupandisha kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, na njiani kwenda hospitali ukafa.

Nimekuwa nikilitafuna neno hilo tangu siku hiyo. Mtu amechomwa kisu na bado anaogopa kupigishwa magoti. Huyo ndiye mtoto mwenye adabu aliyesifiwa na prefe chini ya turubai.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Mkubwa wa nyumba kumi akapita kila mlango kuuliza nani ameona. Mama wa mandazi akasema hakuona kitu, kwa sababu ana watoto na wale vijana wanajua anapolala. Namwelewa, na kumwelewa hakupunguzi hasira yangu. Mmoja wa wale wawili namwona karibu kila siku. Anakaa pale wanapooshea pikipiki, na anajua kwamba najua. Alikuwa shule yetu zamani, alikuwa anakaa dawati la mwisho, ndiyo maana anaijua saa ya wimbo vizuri kuliko walimu.

Na shule? Utacheka. Tulisimama kimya kwa ajili yako, kisha prefe akatangaza hatua za usalama. Wamepanda vipande vya chupa juu ya ukuta. Wamenunua kufuli jipya, kubwa kama mkate. Na lango sasa linafungwa mapema zaidi, kabla wimbo haujaanza. Kwa usalama. Kwa hiyo waliokuwa wakifungiwa nje wachache sasa ni kundi, wengi wao wadogo wa darasa la kwanza wanaotoka mbali kwa miguu. Wanajipanga wenyewe kwenye lango, wanaipa barabara mgongo, wanaimba. Wale vijana wanakuja pale kila asubuhi kama watu wanaokwenda sokoni. Mtoto mmoja amenyang'anywa mfuko. Mwingine amekatwa kiganja. Kila mara jibu ni lilelile: ilifanyika nje.

Tulikwenda kumwona prefe, mimi na wenzetu kadhaa wa darasa. Tulikwenda kwa heshima, mikono nyuma. Tulimwomba waliochelewa waingizwe kwanza, ndipo waadhibiwe wakiwa ndani. Hatukuomba hata adhabu iondolewe, Kahindo. Tuliomba wapigishwe magoti upande huu wa ukuta. Alitusikiliza, akakunja mikono, akasema akimfungulia mmoja wote watachelewa, na kwamba yanayotokea barabarani ni ya serikali, si yake. Wenzangu wakasema asante prefe. Mimi nikatoka bila kusema asante, na hilo nalo likaandikwa kuwa utovu wa adabu.

Basi wiki iliyopita ikawa zamu ya darasa letu kupandisha bendera. Wakanichagua mimi kushika kamba, pamoja na Innocent. Nafikiri walinichagua ili nitulie, maana aliye kwenye mlingoti anatazamwa na wote. Siku za kwanza nilivuta kama inavyotakiwa. Alhamisi, bendera ikiwa katikati, nikasikia mtu anabisha lango. Mkono mdogo, unabisha chini, usawa wa tumbo la mtu mzima. Kisha sauti ya mtoto, akilia lakini anajitahidi kusema kwa adabu: "Papa Bahati, wanakuya."

Disiplini alikuwa mahali pake, amenyooka. Hakugeuza kichwa.

Nikaifunga kamba kwenye kishikio, vizuri, kama tulivyofundishwa, bendera ikabaki nusu. Innocent alinitazama macho yamemtoka. Nikatembea. Sijui kama umewahi kuvuka uwanja ule wakati wote wameganda. Changarawe ya volkano inapiga kelele chini ya viatu, ungedhani wanatembea watu kumi. Wimbo ukaanza kulegea, mstari huu, mstari ule, kwa sababu watu wanaimba huku wananifuata na macho. Disiplini akaita jina langu. Akaita tena, na mara hii akatoka mahali pake, naye akatembea wakati wa bendera, mbele ya shule nzima. Nikaendelea. Hatua zangu zilikuwa fupi, na ungekuwapo ungeniambia natembea kama mtu anayekwenda kwenye kilio, na ungekuwa umesema kweli.

Sikufika. Papa Bahati alifungua kabla yangu. Mtoto akaingia amekumbatia mfuko kifuani, msichana, anaitwa Neema, kofia imemwangukia usoni. Nje wale wawili walikuwa hatua chache tu. Lango likafunguka kabisa, wakaona uwanja mzima unawatazama, wanafunzi, walimu, prefe mwenyewe kwenye ngazi. Walisimama kidogo, kisha wakarudi walikotoka. Hakuna aliyechomwa kisu. Neema akatafuta mstari wa darasa lake, akapanga miguu pamoja, akaanza kuimba peke yake, mjinga yule, nusu ya shule ilikuwa imekwisha kunyamaza.

Wameniambia nimeidharau bendera. Nimefukuzwa mpaka nilete mzazi, na barua ya kuomba msamaha nitakayoisoma mbele ya wanafunzi wote, nimesimama palepale kwenye mlingoti. Papa Bahati amepewa onyo la mwisho. Nilipomwendea kumwomba radhi alinifukuza kwa mkono, akasema niende nyumbani, mkono wake ulikuwa umechoka kushika ule ufunguo.

Papa yangu amekasirika. Si mtu mbaya, unamjua, alikuwa akikuita binti yake wa pili. Ila anaogopa. Amesema hawezi kwenda kukaa mbele ya prefe kwa ajili ya mtoto aliyeiacha bendera njiani, kwamba mji huu umejaa watu wanaotafuta sababu, na jina la familia likishaandikwa mahali halifutiki. Leo baada ya misa ameniwekea karatasi na kalamu mezani, akasema niandike huo msamaha, akatoka kwenda kwa jirani kunipa nafasi. Karatasi ndiyo hii. Nilianza kweli, nikaandika "Bwana Prefe, naomba," na mkono ukakataa. Sikuona ninaomba nini. Nikageuza upande wa pili, nikaandika jina lako.

Nilikuwa nimefika kwenye viatu vyako mama yako alipoingia. Sikumtarajia. Tangu tukuzike hapiti barabara ile ya shule. Akienda sokoni anazunguka kwa nyuma, kwenye mawe makali, na mzigo kichwani, asilione lango. Alikuwa amesikia habari yangu kwenye robine. Hakukubali kiti. Alisimama mlangoni na kitenge chake cheusi, na Papa alikuwa amerudi nyuma yake, akabaki uani kama mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe.

Akasema: "Wanataka muzazi? Mimi ni muzazi. Kesho tunaenda na weye."

Papa akakohoa, akaanza kusema kwamba, Mama Kahindo, tuyapime mambo haya. Mama yako akamgeukia akamtazama tu. Papa akayaacha yasipimwe.

Kisha mama yako akaniuliza lango linafungwa saa ngapi sasa. Nikamwambia. Akafikiri, akaniambia tutaondoka nyumbani baada ya hapo. Nilidhani hakunielewa, nikamweleza tena kwamba tukichelewa watatufungia nje. Akasema amenielewa vizuri. Amekwisha kuongea na mama wa Neema, na mama wa yule aliyekatwa kiganja, na wengine wa kwenye robine, na kila mmoja atatoka na mtoto wake akiwa na sare na mfuko. Hata mama wa mandazi ameulizwa, hakujibu, lakini hakukataa. Anataka wazazi wasimame pale nje wakati wimbo unaimbwa, na anataka prefe aje mwenyewe alifungue lango lake, awatazame usoni, ndipo aseme ile sentensi yake kama bado anaiweza.

Naogopa, Kahindo. Sitakudanganya. Huenda nikapoteza mwaka. Huenda Papa Bahati akapoteza kazi, na wale wawili wamenishika sura. Lakini hasira imekuwa kubwa kuliko woga, na sikujua kwamba jambo hilo linawezekana kwangu.

Barua ya msamaha siiandiki. Nakuahidi hilo, na nakuahidi lingine. Lala salama, rafiki yangu, mimi nitachukua bidoni za mama yako kila asubuhi mpaka Kambale apate nguvu za kuzibeba. Kesho tutachelewa, mimi na mama yako na hao wote. Wimbo utaanza tukiwa nje, na nitauimba, kwa sababu ulikuwa wako. Lakini nitaimba nimeipa bendera mgongo, macho yangu barabarani.

Aline